Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo: Historia ya Foleni ya Huduma za Nyumbani kwa Watu Wenye Ulemavu Nchini Marekani

Utangulizi

Wahenga walituachia methali mbili ambazo hazipatani. Moja inasema subira huvuta heri. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika historia ya watu wenye ulemavu nchini Marekani, methali ya kwanza imekuwa hoja ya wenye ofisi, na ya pili imekuwa kilio cha waliopanga foleni. Insha hii inahusu foleni hiyo: foleni ya watu wanaohitaji mtu wa kuwasaidia nyumbani kwao kuamka kitandani, kuoga, kuvaa, kula na kutoka kwenda kazini au shuleni, wakaomba msaada huo serikalini, wakaambiwa wangoje. Kwa hesabu ya KFF, taasisi inayotafiti sera za afya nchini humo, mwaka 2024 foleni hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 700,000, na muda wa kungoja ulikuwa kwa wastani zaidi ya miaka 3.

Tukiuliza kwa nini nchi tajiri namna hiyo ina foleni ndefu namna hiyo, jibu la haraka ni kwamba fedha hazitoshi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halielezi jambo moja la kushangaza: mtu yuleyule anayengoja miaka 3 ili ahudumiwe nyumbani, akikubali kuhamia kwenye makao ya wagonjwa na wazee, sheria inataka alipiwe bila kuwekwa kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo insha hii inatetea hoja kwamba foleni ilitengenezwa na sheria zilizokifanya kitanda cha taasisi kuwa haki, na huduma ya nyumbani kuwa ruhusa yenye idadi. Aidha, inaonesha kwamba foleni ilipofupika, ilifupika kwa sababu waliokuwa wakingoja waliilazimisha serikali kubadili utaratibu na kuheshimu muda.

Sisi wanafunzi wa Uganda tuna sababu ya kuijua historia hii ya mbali. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Uganda mwaka 2008, inataja haki ya mtu mwenye ulemavu kuchagua mahali atakapoishi na watu atakaoishi nao, pamoja na kupata huduma za msaada nyumbani kwake. Mizizi ya ibara hiyo, kwa sehemu kubwa, imo katika harakati zitakazoelezwa hapa.

Sheria ya 1965: kitanda ni haki, nyumba ni hisani

Tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha mipango miwili ya afya. Medicare ulikuwa wa wazee, na Medicaid ulikuwa wa watu wenye kipato kidogo. Medicaid huendeshwa kwa ubia: serikali kuu hutoa sehemu ya fedha na kuweka masharti, kisha kila jimbo hutoa sehemu yake na kuendesha mpango wake. Jimbo lililoingia katika mpango huo lilitakiwa kulipia makao ya uuguzi kwa watu wazima wanaostahili. Msaada wa kila siku nyumbani haukupewa nafasi hiyo. Mwaka 1971 sheria iliongezwa ili fedha za Medicaid zilipie pia taasisi za watu wenye ulemavu wa akili, zile zilizotimiza viwango vilivyowekwa.

Ni vyema kuelewa mazingira ya wakati huo. Kwa miongo mingi, madaktari wa Marekani walikuwa wakiwashauri wazazi kumpeleka mtoto mwenye ulemavu wa akili kwenye taasisi ya jimbo na kuendelea na maisha yao. Mwaka 1967 taasisi za majimbo kwa ajili ya watu hao zilikuwa na wakazi karibu 195,000, idadi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Mojawapo ni Willowbrook katika kisiwa cha Staten, jijini New York. Ilijengwa kwa ajili ya watu 4,000, lakini katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na zaidi ya 6,000. Seneta Robert Kennedy aliitembelea mwaka 1965 na kutoka akiwa amechukizwa mno. Mwaka 1972 mwandishi wa habari wa televisheni, Geraldo Rivera, aliingia na kamera na kuwaonesha Wamarekani watoto waliokuwa uchi, wakiwa wamekaa sakafuni katika uchafu. Wazazi walikwenda mahakamani, na makubaliano ya mwaka 1975 yakaanza safari ya kuwarudisha wakazi katika jamii. Willowbrook ilifungwa mwaka 1987.

Sheria ya 1965, basi, haikuandikwa na watu wenye nia mbaya. Iliandikwa na watu walioona taasisi kuwa mahali pa kawaida pa mtu mwenye ulemavu mkubwa. Lakini sheria ikishaandikwa hivyo, fedha hufuata njia ileile kama maji yafuatavyo mfereji. Makao yakajengwa, wenye makao wakapata sauti katika siasa, wafanyakazi wakaajiriwa humo, na bajeti za majimbo zikazoea. Anayetaka kubaki nyumbani ndiye aliyetakiwa kueleza sababu.

Waliokataa kungoja

Mabadiliko yalianza kwa watu waliojifunza kuishi nje ya taasisi kabla sheria haijawaruhusu. Ed Roberts alipata polio akiwa na umri wa miaka 14, na tangu hapo akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa kuwa mashine yake ilikuwa nzito mno kwa mabweni, alipewa chumba katika hospitali ya chuo. Wanafunzi wengine wenye ulemavu walimfuata, na kutokana na uzoefu wao wa kuajiri na kuwasimamia wasaidizi wao wenyewe, mwaka 1972 kikasajiliwa Kituo cha Maisha ya Kujitegemea cha Berkeley. Wazo lao lilikuwa jepesi kueleza, ingawa lilikuwa jipya. Kujitegemea hakumaanishi kufanya kila kitu kwa mikono yako. Kunamaanisha wewe ndiye unayeamua nani akusaidie, saa ngapi, na kwa namna gani.

Mjini Denver, Mchungaji Wade Blank alikuwa mfanyakazi katika makao ya uuguzi walimokuwamo vijana wenye ulemavu, wakiishi kwa ratiba ya wazee wagonjwa. Mwaka 1975 alisaidia kuanzisha jumuiya ya Atlantis, iliyowatoa vijana hao na kuwatafutia nyumba na wahudumu. Tarehe 5 Julai 1978, watu 19 kati yao wakiwa katika viti vya magurudumu walizuia mabasi katika makutano ya barabara mjini humo, wakalala papo hapo hadi siku iliyofuata, kwa sababu mabasi hayo hayakuwa na njia ya kuwapandisha. Kutokana na harakati hizo ulizaliwa mtandao wa ADAPT mwaka 1983, ukidai usafiri wa umma. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ilipopatikana mwaka 1990 na suala la mabasi likapata jibu la kisheria, ADAPT walibaki na herufi zao zilezile lakini wakabadili maana yake, ziwakilishe mapambano ya kupata wahudumu wa nyumbani. Badiliko hilo lina maana kwa mwanahistoria. Linaonesha kwamba basi lenye ngazi ya umeme halina faida kwa mtu asiye na wa kumtoa kitandani.

Tukio la tatu ni la San Francisco. Mwaka 1973 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye kifungu cha 504, kilichokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika kazi zinazofadhiliwa na serikali kuu. Lakini kifungu hicho kilihitaji kanuni za utekelezaji, na kanuni hizo zilikaa bila kusainiwa kwa miaka 4. Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu waliingia katika ofisi za serikali katika miji kadhaa. Katika miji mingine waliondoka mapema, lakini San Francisco, wakiongozwa na Judy Heumann na wenzake, zaidi ya watu 100 walikaa ndani ya jengo kwa zaidi ya wiki 3. Baadhi yao walihitaji dawa na wasaidizi kila siku, kwa hiyo kubaki humo kulikuwa hatari kwa maisha yao. Chama cha Black Panther kiliwaletea chakula. Tarehe 28 Aprili Waziri Joseph Califano alisaini kanuni. Kilichoshindikana kwa miaka 4 kiliwezekana kwa siku 23.

Katie Beckett na kuzaliwa kwa foleni

Mtoto aliyeipa hoja ya huduma za nyumbani sura ya kueleweka na kila Mmarekani alikuwa Katie Beckett wa Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa. Alizaliwa mwaka 1978, na akiwa na miezi 5 aliugua homa ya ubongo iliyomwacha akitegemea mashine ya kupumulia. Baada ya muda madaktari waliona kwamba angeweza kutunzwa nyumbani. Kikwazo kilikuwa hesabu ya kipato. Akiwa amelazwa muda mrefu, kipato cha wazazi wake hakikuhesabiwa, kwa hiyo Medicaid ililipa. Akirudi nyumbani, kipato hicho kingehesabiwa, na angeonekana hastahili. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa tayari kulipa gharama kubwa zaidi mradi mtoto asiishi na wazazi wake.

Tarehe 10 Novemba 1981, Rais Ronald Reagan alimtaja mtoto huyo mbele ya waandishi wa habari kama mfano wa kanuni zisizo na akili. Mwezi uliofuata Katie alirudi nyumbani. Mwaka 1982 sheria iliyaruhusu majimbo kuwahudumia watoto kama yeye bila kuhesabu kipato cha wazazi. Mama yake, Julie Beckett, aliendelea kuwatetea watoto wengine kwa miaka mingi. Katie mwenyewe alisoma hadi chuo kikuu, akaishi katika nyumba yake, akawa mtetezi, na alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 34.

Miezi michache kabla ya Reagan kumtaja Katie, katika sheria ya bajeti ya Agosti 1981, ulianzishwa utaratibu mpana zaidi. Jimbo liliweza kuomba ruhusa maalumu ya kutumia fedha za Medicaid kwa huduma za nyumbani na za jamii. Ruhusa hiyo ilifungua mlango kwa mamia ya maelfu ya watu, na hilo halipingiki. Lakini ilikuja na masharti mawili yanayoeleza foleni ya leo.

Sharti la kwanza ni kwamba mwombaji awe mtu ambaye hali yake ingestahili kutunzwa katika taasisi. Sharti la pili ni kwamba jimbo liliweza kutaja idadi ya watu litakaowahudumia. Idadi ikitimia, mwombaji anayefuata, hata akistahili kwa kila kigezo, huandikwa kwenye orodha. Katika makao ya uuguzi hakuna ukomo wa namna hiyo, kwa kuwa kule huduma ni haki ya kila anayestahili. Hapa ndipo foleni ilipozaliwa. Mlango wa taasisi uliachwa wazi, na mlango wa nyumbani ukawekewa bawabu mwenye daftari la majina.

Matokeo ya utaratibu huo yanaonekana katika maisha ya familia. Kila jimbo lina ruhusa zake na orodha zake, kwa hiyo familia ikihama jimbo kwa ajili ya kazi, kwa kawaida huanza upya mwishoni mwa foleni nyingine. Huko Texas baadhi ya orodha hungojewa kwa zaidi ya miaka 10, na wazazi hushauriwa kumwandikisha mtoto angali mdogo ili jina lake lifikiwe atakapokuwa mtu mzima. Wakati huo wote mama au baba hupunguza saa za kazi au huacha kazi kabisa. Mzazi huzeeka huku akimwinua mtu anayezidi kuwa mzito. Mzazi huyo akifariki au akiugua kabla jina halijafikiwa, mara nyingi njia iliyo wazi ni ileile ya taasisi ambayo familia iliikwepa kwa miaka yote.

Lois Curtis na swali la mwendo unaofaa

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka mahakamani. Lois Curtis na Elaine Wilson walikuwa wanawake wawili wa jimbo la Georgia wenye ulemavu wa akili na maradhi ya akili. Wote wawili walilazwa katika hospitali ya jimbo mjini Atlanta. Wataalamu waliokuwa wakiwahudumia walifikia uamuzi kwamba wangeweza kuishi katika jamii wakipewa msaada, lakini waliendelea kubaki hospitalini. Mwaka 1995, kwa msaada wa wakili Susan Jamieson, Curtis alifungua kesi, na Wilson akajiunga naye. Hoja yao ilikuwa kwamba kumfungia mtu bila sababu ya kitabibu ni ubaguzi, na ubaguzi ulikatazwa na sheria ya 1990.

Tarehe 22 Juni 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Olmstead, aliyekuwa mkuu wa idara husika ya jimbo. Katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, Mahakama ilikubali kwamba kumtenga mtu katika taasisi bila ulazima ni ubaguzi. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo, hukumu hiyohiyo ilizingatia kwamba majimbo yana bajeti na yana watu wengine wa kuwahudumia. Ikaeleza kwamba jimbo lingeweza kujitetea likionesha kuwa lina mpango kamili wa kuwahamisha watu, na kuwa orodha yake ya wanaongoja inasogea kwa mwendo unaofaa, bila kucheleweshwa na nia ya jimbo ya kujaza vitanda vya taasisi zake.

Maneno hayo yamebeba mzigo mkubwa. Mahakama haikusema mwendo unaofaa ni miezi 3, mwaka 1 au miaka 10. Sheria ya Medicaid yenyewe ina maneno yanayofanana na hayo: inataka msaada utolewe kwa wepesi unaofaa kwa wote wanaostahili. Mwaka 1998, katika kesi ya Florida iitwayo Doe dhidi ya Chiles, mahakama ya rufaa iliunga mkono amri ya kulitaka jimbo lisizidishe siku 90 kwa watu wenye ulemavu waliokuwa wamengojeshwa miaka. Lakini tuangalie kesi hiyo ilihusu nini: ilihusu nafasi katika makao maalumu, ambayo ni haki chini ya sheria. Kwa huduma za nyumbani zilizo chini ya ruhusa yenye idadi, kudai siku 90 ni kazi ngumu zaidi mahakamani, kwa sababu jimbo hujibu kwamba nafasi zimejaa. Hivyo ule mgawanyiko wa 1965 na 1981, wa haki upande mmoja na ruhusa upande mwingine, ulifuata watu hadi mbele ya majaji.

Lois Curtis alitoka hospitalini, akaishi katika jamii na kuwa mchoraji. Mwaka 2011 alimkabidhi Rais Barack Obama mojawapo ya picha zake. Alifariki mwaka 2022. Mtu ambaye jimbo lilimwona kuwa wa wodini aliishi zaidi ya miaka 20 akionesha kazi zake kwa watu.

Kwa nini foleni bado ipo

Ingekuwa kosa kusema hakuna kilichobadilika. Sheria ya bajeti iliyosainiwa mapema mwaka 2006 ilianzisha mpango wa fedha kumfuata mtu, yaani mtu anayetoka taasisi anahama na fedha za huduma yake. Watu zaidi ya 100,000 wamehamia katika jamii kupitia mpango huo. Mwaka 2013, kwa mara ya kwanza, matumizi ya Medicaid kwa huduma za nyumbani na za jamii yalizidi matumizi ya taasisi. Mwaka 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, serikali kuu iliongeza mchango wake kwa huduma hizo kwa asilimia 10 kwa mwaka mmoja. Pendekezo la Rais Joe Biden la kutenga dola bilioni 400 lilipunguzwa hadi bilioni 150 katika Bunge la Wawakilishi, kisha likakwama katika Seneti.

Wanaopinga kuifanya huduma ya nyumbani kuwa haki wana hoja inayostahili kusikilizwa. Wanasema watu wengi hawaombi nafasi ya taasisi kwa sababu hawaitaki. Familia zao huwahudumia bila malipo. Huduma ya nyumbani ikiwa haki, watu hao wote watajitokeza, na bajeti itapasuka. Hofu hiyo si ya kubuni. Lakini tukiichunguza, inakiri jambo zito: kwamba serikali inaokoa fedha kwa kuwapa watu kitu wasichokitaka, na kwamba kazi ya akina mama nyumbani huhesabiwa kuwa bure kwa kuwa haiandikwi popote. Foleni haiondoi gharama. Inaihamisha kutoka bajeti ya jimbo kwenda mgongoni mwa familia.

Sababu nyingine ni wahudumu. Hata anayepata nafasi anaweza kukosa mtu wa kuja nyumbani, kwa sababu kazi hiyo hulipwa kidogo. Kanuni zilizotokana na sheria ya 1974 ziliwaacha wahudumu wengi wa nyumbani nje ya ulinzi wa kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimkatalia Evelyn Coke, mhudumu mzaliwa wa Jamaika, madai yake ya malipo hayo. Kanuni mpya ya mwaka 2013 ndiyo iliyowaingiza wengi wao katika ulinzi huo. Kazi hii hufanywa zaidi na wanawake, wengi wao weusi na wahamiaji, wakiwamo waliotoka Afrika Mashariki. Historia ya foleni, kwa hiyo, inatugusa kwa namna nyingine. Dada zetu wamo katika nyumba hizo, wakiwainua wazee na vijana wa Marekani kwa ujira mdogo, huku kwao mzazi wao mwenyewe akihudumiwa na mjukuu.

Jambo la tatu ni hesabu zenyewe. Baadhi ya majimbo huandika kila anayeomba bila kupima kama anastahili, na mengine hupima kwanza. Orodha za majimbo mawili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Ohio ilipobadili utaratibu wake mwaka 2018 na kuanza kupima mahitaji, orodha yake ilipungua sana. Wapo wanaotumia mfano huo kusema foleni ni ya majina tu. Nadhani fundisho lake ni tofauti. Jimbo lisilojua nani anangoja na anangoja nini haliwezi kupanga bajeti ya kumwondoa kwenye foleni, na mwenye shida ya haraka hupotea katikati ya majina. Mwaka 2024 serikali kuu ilitoa kanuni zinazoyataka majimbo kuripoti jinsi yanavyoendesha orodha zao, idadi ya watu waliomo na wastani wa muda wa kungoja. Ni hatua ndogo, lakini kisichohesabiwa hakidaiwi.

Kwamba kuna njia nyingine kunathibitishwa na Sweden. Adolf Ratzka, Mjerumani aliyepata polio ujanani, alisoma California katika miaka ya 1960 na kuzifahamu harakati za huko. Baadaye alihamia Sweden, akasaidia kuanzisha katika miaka ya 1980 ushirika wa watu wenye ulemavu uliowaajiri wasaidizi wao wenyewe. Sheria iliyoanza kutumika huko Januari 1994 iliufanya msaada wa mhudumu binafsi kuwa haki ya mtu mwenye ulemavu mkubwa anayetimiza vigezo. Sweden nayo imekuwa na mabishano makali kuhusu gharama na kubana vigezo. Hata hivyo, pale ubishi huwa juu ya nani anastahili, na anayekataliwa anaweza kukata rufaa. Mtu aliyeko kwenye orodha ya Texas hajakataliwa, kwa hiyo hana uamuzi wa kuupinga. Amewekwa tu.

Hitimisho

Historia hii inatupa mambo matatu ya kudai popote foleni ya namna hii inapojitokeza. Kwanza, huduma ya nyumbani iwe na hadhi ileile ya kisheria iliyo nayo taasisi, kwa maana maadamu moja ni haki na nyingine ni ruhusa, foleni itakuwa upande mmoja daima. Pili, muda wa kungoja uandikwe kwa tarakimu. Maneno kama mwendo unaofaa humlinda mwenye ofisi kuliko mwenye shida. Tatu, orodha iwe wazi, ipime mahitaji, na wahudumu walipwe ujira utakaowafanya wabaki kazini.

Marekani ilitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, lakini Desemba 2012 Seneti ilishindwa kuuridhia: kura 61 ziliukubali na 38 zikaupinga, pungufu ya theluthi mbili zinazotakiwa. Uganda iliuridhia bila kigugumizi, na Bunge letu lina viti 5 vya wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Kwa maandishi tumetangulia. Kwa vitendo, mhudumu wa nyumbani anayelipwa na serikali hajawa haki ya kila anayemhitaji katika nchi yetu. Kazi hiyo imo mikononi mwa mama, bibi, na mara nyingi msichana anayeachishwa shule. Hatuna daftari lenye majina 700,000, na tusidhani ukosefu wa daftari ni ukosefu wa foleni. Tutakapoanza kutunga sheria ya huduma hizi, tukumbuke kosa la 1965. Tusijenge taasisi kwanza tukiahidi kwamba nyumba zitafuata. Wamarekani waliahidiwa hivyo, na mwaka 2024 zaidi ya 700,000 kati yao walikuwa bado wanangoja.